Kupanga watumishi wa kituo cha simu za dharura na kuwafanya wadumu: mwongozo kamili

Saa nane kasoro robo usiku, msimamizi wa zamu anapiga simu ya tatu. Mtu wa kwanza hakupokea. Wa pili alisema kwamba ametoka kazini saa tano zilizopita. Wa tatu, ambaye sauti yake inaonyesha wazi kwamba ameamshwa, anakubali kuja kwa sababu anajua kwamba akikataa mzigo utawaangukia wenzake wawili waliobaki kwenye deski. Baada ya miezi michache ya kuamshwa namna hiyo, huyu wa tatu ataandika barua ya kuacha kazi, nafasi yake itakaa wazi karibu mwaka mzima, na orodha ya watu wanaoweza kuamshwa usiku itakuwa imepungua jina moja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkuu wa kituo, msimamizi wa zamu au afisa utumishi anayetaka kuukata mzunguko huo. Kituo kinapopungukiwa watu, jambo la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kutangaza nafasi za kazi. Kwa maoni yangu tangazo ni hatua ya nne, na anayeanza nalo anateka maji kwa pakacha. Humu nitatumia neno “mpokea simu” kwa anayezungumza na mwananchi aliyepatwa na dharura, na “mwongoza vikosi” kwa anayezungumza kwa redio na ambulensi, zimamoto au polisi. Katika vituo vidogo kazi hizo mbili hufanywa na mtu mmoja, na hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo.

Hatua ya kwanza: hesabu viti kabla ya kuhesabu watu

Chukua kumbukumbu za simu za miezi kumi na miwili iliyopita na uzipange kwa saa na kwa siku ya wiki. Usichukue simu za dharura peke yake. Simu za kuulizia, simu zilizopigwa kwa bahati mbaya na simu ambazo kituo chenyewe huzipiga kumtafuta aliyekatikiwa zote humshughulisha mtu yule yule. Kisha tafuta wastani wa muda wa kushughulikia simu moja, ukijumlisha dakika ambazo mpokea simu anazitumia kumalizia kuandika taarifa baada ya mazungumzo kwisha.

Hapa ndipo hesabu ya kawaida inapodanganya. Tuseme saa fulani ya mchana huleta simu 30, na kila moja inachukua dakika 3. Hiyo ni kazi ya dakika 90 ndani ya saa moja, na mtu asiyezoea mambo haya atasema kwamba watu wawili wanatosha na watabakiwa na nusu saa ya kupumua. Lakini simu za dharura haziji kwa foleni. Ajali moja ya barabarani huleta simu nane ndani ya dakika mbili, halafu panakuwa kimya. Mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni za kukokotoa foleni za aina hii, na kanuni hizo zinatumika hadi leo katika programu za kupanga watumishi. Ukiziingiza tarakimu zetu, matokeo ni haya: wakiwepo watu wawili, ni takriban asilimia 38 tu ya simu zitakazopokelewa ndani ya sekunde 15, wakiwa watatu, asilimia 79, wakiwa wanne, asilimia 94. NENA, chama cha Marekani cha huduma za namba ya dharura, kinapendekeza asilimia 90 ya simu za 911, namba ya dharura ya huko, zipokelewe ndani ya sekunde 15, na asilimia 95 ndani ya sekunde 20. Kwa kipimo hicho, saa hiyo inahitaji viti vinne, yaani maradufu ya vile vilivyoonekana kutosha.

Weka jedwali hilo mezani mwa anayeidhinisha bajeti. Atauliza kwa nini watu wanaonekana wamekaa bure zaidi ya nusu ya muda wao. Mjibu kwamba muda huo ndio huduma yenyewe, kwa sababu ndio unaoiwezesha simu inayofuata kupokelewa upesi. Mwambie pia kwamba kiti cha mwongoza vikosi huhesabiwa kwa njia tofauti, kwa kuwa huwezi kumwacha zimamoto aliye ndani ya nyumba inayoungua akisubiri redio yake ijibiwe. Kila njia ya redio yenye shughuli inahitaji sikio lake, hata saa ambayo hakuna anayezungumza.

Hatua ya pili: geuza viti kuwa watu

Tuseme umepata viti vinne kwa saa 16 za mchana na jioni, na viti vitatu kwa saa 8 za usiku wa manane. Hizo ni saa 88 za kiti kwa siku, au saa 32,120 kwa mwaka. Sasa angalia mtumishi mmoja anatoa saa ngapi kwa kweli. Mkataba wa saa 40 kwa wiki una siku 260 za kazi. Ondoa siku 20 za likizo, siku 7 za ugonjwa na siku 5 za mafunzo, zinabaki 228. Katika kila zamu ya saa 8, ondoa saa moja ya kula, ya kwenda msalani na ya kunyoosha mgongo mbali na deski. Zinabaki saa 1,596. Gawanya, na utapata watu 20 na sehemu kidogo, ambayo haiwezi kuajiriwa kwa vipande, kwa hiyo ni 21.

Mkuu wa kituo aliyehesabu viti vinne mara zamu tatu ana watu 12 kichwani mwake. Pengo kati ya 12 na 21 huzibwa kimya kimya na saa za ziada, likizo zilizoahirishwa na chakula kilicholiwa huku vipokea sauti vikiwa masikioni.

Hesabu haijaisha. Ikiwa watu wanne huondoka kila mwaka, na kumpata mbadala huchukua miezi sita ya tangazo, usaili, ukaguzi wa historia na uchunguzi wa afya, kisha miezi sita mingine ya mafunzo kabla hajaachiwa deski peke yake, basi wakati wowote kituo kina mapengo manne yasiyo na mtu kamili. Idadi ya kuidhinishwa ni 25. Ukifaulu kupunguza wanaoondoka kutoka wanne hadi wawili, idadi hiyo inashuka hadi 23, na hapo afisa wa fedha ataanza kusikiliza habari za kuwatunza watumishi kwa makini zaidi kuliko alivyosikiliza habari za huruma.

Hatua ya tatu: jua nani anaondoka, lini, na kutoka zamu ipi

Tafiti za APCO, chama cha wafanyakazi wa mawasiliano ya usalama wa umma nchini Marekani, zilizofanywa chini ya mradi ulioitwa RETAINS, zilikuta kwamba vituo hupoteza kwa wastani kati ya watumishi 17 na 19 katika kila 100 kwa mwaka. Linganisha na kituo chako, lakini usiishie kwenye wastani. Fungua daftari la miaka mitano iliyopita na uandike kwa kila aliyeondoka: aliajiriwa mwezi gani, aliondoka mwezi gani, alikuwa zamu ya nani, na alifanya saa ngapi za ziada katika siku 90 za mwisho.

Makundi matatu hujitokeza. Wanaoondoka wakiwa mafunzoni mara nyingi walichaguliwa vibaya au walifundishwa vibaya. Wanaoondoka kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu kwa kawaida wamechoshwa na ratiba. Wanaoondoka baada ya miaka mitano au zaidi wamegundua kwamba hakuna ngazi ya kupanda, au wamebeba simu nyingi nzito bila mahali pa kuzitua. Kila kundi lina dawa yake, na kuwapa wote dawa moja, kama vile posho ya mara moja, ni kupoteza fedha. Safu ya jina la msimamizi nayo isipuuzwe: kama watano kati ya saba walioondoka walitoka zamu ya mtu mmoja, hilo ni jibu, hata kama halipendezi.

Hatua ya nne: ajiri kwa kumwonyesha mtu kazi ilivyo

Tangazo lisifiche kitu. Litaje kazi za usiku, sikukuu, kukaa kwenye kiti kwa saa nyingi, na watu wanaopiga simu wakilia au wakitukana. Watakaokimbia baada ya kulisoma wamekuokolea miezi ya mafunzo.

Kabla ya usaili wa mwisho, mwalike mwombaji aketi karibu na mpokea simu mzoefu kwa saa nne angalau, sehemu yake ikiwa usiku, akiwa na vipokea sauti vya pili na baada ya kutia sahihi kiapo cha kutunza siri. Asiulizwe mara tu anapotoka kama ameipenda kazi, maana atasema ndiyo. Apigiwe simu kesho yake.

Kwa jaribio la uwezo, tumia rekodi iliyoigizwa, si ya mwananchi halisi. Mwanamke anapiga kelele kwamba mumewe ameanguka, mtoto analia karibu naye, na kila akiulizwa alipo anajibu, “Hapa hapa nyumbani, njooni haraka!” Mwombaji anatakiwa aandike huku akisikiliza, na katikati ya hayo mtu mwingine amwulize swali kuhusu gari lililokwisha kutumwa kwingine. Kasi ya kuchapa ni muhimu, lakini mimi hutazama zaidi swali lake la pili. Yule anayerudia “Uko wapi?” kwa sauti kubwa zaidi atahitaji kazi ya ziada. Anayebadilisha na kuuliza, “Ukifungua mlango unaona nini mbele yako?” tayari ana nusu ya ufundi.

Harakisha pia taratibu. Mwombaji mzuri hasubiri miezi sita bila kusikia lolote. Mteue mtu mmoja wa kumpigia kila baada ya wiki mbili kumweleza jalada lake limefika wapi.

Hatua ya tano: mlinde mwanagenzi, na mlinde zaidi mkufunzi wake

Fundisha kupokea simu kwanza, kisha redio. Mwanagenzi anayerushwa katika yote mawili kwa pamoja hushindwa yote mawili, na wengi wanaoitwa “hawafai” walikuwa wamepangiwa vibaya tu. Kila siku mkufunzi ajaze karatasi fupi inayotaja jambo moja lililofanywa vizuri, jambo moja la kurekebisha, na simu mahususi iliyoonyesha hayo. Katika ratiba, mwanagenzi ahesabiwe sifuri. Siku anapowekwa kujaza pengo la kiti “kwa leo tu” mafunzo yamekwisha, kwa kuwa mkufunzi naye atakuwa amevutwa kwenye kiti kingine.

Kuhusu wakufunzi, kosa nililoliona mara nyingi ni la kumpa mpokea simu bora kila mwanagenzi anayekuja, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu anafundisha vizuri. Huyo anafanya kazi mbili kwa mshahara wa moja, masikio yake yakiwa kwenye simu mbili, na jina lake likiwa kwenye kila kosa la mtu mwingine. Mpe posho ya kila saa ya kufundisha, na baada ya kila mwanagenzi mpe angalau miezi miwili ya kufanya kazi yake mwenyewe bila mtu ubavuni.

Hatua ya sita: rekebisha ratiba

Kama una nguvu za kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Watu huvumilia simu nzito kwa miaka, lakini hawavumilii kutojua kama Jumamosi watakuwa nyumbani.

Toa ratiba wiki sita kabla, na usiibadilishe bila idhini ya mhusika. Zamu zizunguke kwa kufuata saa, yaani asubuhi, jioni, kisha usiku, kwa kuwa mwili huweza kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi. Kati ya zamu moja na nyingine pawe na saa 11 za mapumziko au zaidi, kiwango ambacho agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2003 kuhusu saa za kazi linakitaja kuwa cha chini kabisa kwa siku. Zamu za saa 12 zina wapenzi wengi kwa sababu huleta siku nyingi za kupumzika, lakini zina mtego: mtu wa saa 12 hana nafasi ya kubaki saa nne za ziada pengo linapotokea. Kituo chenye upungufu mkubwa kisihamie saa 12 kabla hakijajaza nafasi.

Saa za ziada ziwekewe kanuni iliyoandikwa na kubandikwa ukutani. Kwanza waulizwe wanaojitolea. Wasipopatikana, aitwe yule ambaye hajaitwa kwa muda mrefu kuliko wote, kwa orodha ambayo kila mtu anaiona. Aliyeko likizoni hapigiwi kamwe. Aliyeitwa jana haitwi leo. Pawe na kikomo cha saa kwa wiki ambacho hata mkuu wa kituo hawezi kukivuka bila kuandika sababu. Kanuni hizi zitazaa usiku ambao kiti kimoja kitakosa mtu, na wasimamizi watalalamika. Usiku huo uandikwe kama upungufu na upelekwe juu kwa maandishi, kwa sababu mradi watumishi wanauficha upungufu kwa miili yao, mwenye bajeti ataamini kwamba watu wanatosha.

Nilipokuwa nikipanga ratiba kwa mara ya kwanza, niligawanya siku mbili za mapumziko za mama mmoja mwenye mtoto mchanga, Jumanne moja na Ijumaa moja, ili kuziba mashimo mawili. Kwenye karatasi ilipendeza. Alikuja mezani kwangu akiwa ameishika, akaniuliza kwa upole, “Hizi siku mbili umenipa nipumzike, au umenipa nifue nguo?” Tangu hapo siku za mapumziko huziweka pamoja kwanza, na mashimo huyatafutia dawa baadaye. Ruhusu pia watu wabadilishane zamu wenyewe kwa fomu fupi. Msimamizi aangalie tu kwamba saa 11 hazijavunjwa na kwamba ujuzi unaohitajika upo kwenye deski.

Hatua ya saba: baada ya simu nzito

Mpokea simu anamwongoza kijana kukandamiza kifua cha baba yake, akihesabu naye kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Dakika tisa. Kisha unasikika mlango unasukumwa, sauti za watu wazima, neno “tumefika”, na simu inakatika. Hajui kama yule mzee ameishi. Taa ya simu nyingine inawaka, na mtu anataka kujua kwa nini umeme umekatika mtaani kwake.

Utaratibu unaofaa ni mwepisi na unatakiwa uwe wa lazima kwa msimamizi, si kwa mtumishi. Msimamizi aje mwenyewe kwenye deski, aweke mtu mwingine, na ampe aliyemaliza dakika 15 nje ya chumba bila kumsubiri aombe, kwa sababu wazoefu hawaombi. Ndani ya siku mbili, pale ambapo sheria za siri za mgonjwa zinaruhusu, atafute kwa kikosi habari za mwisho wa tukio na kumletea. Habari mbaya ina mwisho, kutojua hakuna.

Tahadhari moja. Vituo vingi vina desturi ya kuwakusanya watu mara baada ya tukio na kumtaka kila mmoja asimulie alivyojisikia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupima ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba kikao kimoja cha mtu mmoja mmoja cha namna hiyo hakikuzuia msongo wa baada ya kiwewe. Kwa hiyo usimlazimishe mtu. Badala yake, fundisha wenzake wachache waliochaguliwa na watumishi wenyewe kuwa wasikilizaji, na uweke mkataba na mshauri nasaha anayeielewa kazi hii, ambaye mtumishi anaweza kumwona mara kadhaa kwa muda wa kazi, bila kupitia kwa mkuu wake na bila jina lake kuonekana kwenye ankara.

Hatua ya nane: ngazi, mshahara na jina la kazi

Kwa miaka mingi takwimu rasmi za ajira za Marekani zimewaweka watu hawa katika kundi la makarani na kazi za ofisini, jambo ambalo vyama vyao vimelipinga kwa nguvu. Kabla ya kuomba mshahara mpya, angalia muundo wa utumishi wa taasisi yako unawaitaje, kwa maana jina ndilo linalobeba daraja, na daraja ndilo linalobeba mshahara. Andika upya maelezo ya kazi kwa vitendo: anatoa maelekezo ya kuokoa maisha, anaamua kikosi kipi kiende wapi, anafuatilia usalama wa walioko eneo la tukio.

Ongeza madaraja yasiyomtaka mtu awe msimamizi ili apande: mpokea simu, mwongoza vikosi, mkufunzi, mkaguzi wa ubora. Mtu hodari wa redio si lazima awe hodari wa kusimamia watu, na kumpandisha kwa sababu hakuna njia nyingine kunakupotezea mtu wa redio na kukuletea msimamizi mbaya.

Hatua ya tisa: uliza kabla ya barua kuandikwa

Mahojiano ya kuondoka yana faida ndogo, maana anayeondoka anataka barua nzuri ya utambulisho. Fanya mazungumzo na wanaobaki, kila mmoja mara mbili kwa mwaka, kwa dakika 20, na maswali matatu yanatosha: ni zamu ipi ya mwezi uliopita ulitamani usije, ni nini kilikurudisha, na ni kitu gani kimoja ningeweza kukibadilisha kabla ya mwezi ujao. Swali la tatu liwe na jibu la kweli ndani ya mwezi huo, hata kama ni kiti kilichovunjika mgongo au taa inayoumiza macho. Ukiuliza mara mbili bila kutenda, mara ya tatu utaambiwa kwamba kila kitu ni kizuri.

Kwa yule anayeondoka hata hivyo, mweke kwenye orodha ya akiba kwa hiari yake, na mpigie baada ya miezi mitatu, wakati ambapo kazi mpya imeshaonyesha sura yake. Anayerudi anahitaji wiki chache za kukumbushwa badala ya miezi sita ya kutafutwa na miezi sita ya mafunzo, na kwa hesabu ya hatua ya pili, hilo ni karibu mwaka mzima wa kiti usiopotea.